Dawa ya mafua ya kipupwe kwa nyumba nzima: nishaurini kabla sijajaza chupa

Bint_Wete
Assalamu alaykum wapendwa. Masika yanaishia huku Wete, kusi limeshaanza kuvuma, na nyumbani kila mtu anakohoa kwa sauti yake. Shamba la wakwe mchaichai umestawi kwa mvua mpaka unafunika njia, tangawizi tumeng'oa kikapu kizima, na karafuu kavu za msimu uliopita zipo (za jikoni tu jamani, msije mkaniitia watu wa magendo). Asali nimeletewa, ya nyuki wa kwenye mikoko.

Nataka nitengeneze dawa moja, chupa kubwa, nimalize kazi. Niponde tangawizi na thomu, nitie karafuu, mdalasini na pilipili manga, nimiminie asali, ikae. Kila mtu kijiko asubuhi na kijiko jioni. Wanywaji ni mie na mume wangu, watoto wawili wa skuli, mama mkwe ambaye ana sukari na anameza vidonge vya kulainisha damu, na mdogo wetu wa miezi 8. Jirani kanishauri nichanganye na mizizi ya mdalasini, kaniletea kabisa, anasema ndiyo inayofungua pua. Je, itakaa muda gani nje ya friji? Umeme wetu mnaujua.

Mpishi_wa_Mkoani
Waalaykumu salaam. Usisahau kungumanga.

Nesi_Chake
Dada, viungo vyako havina ubaya. Ubaya ni hiyo chupa moja. Hao uliowataja si watu wa kunywa dawa moja.

Mtoto wa miezi 8 asionje asali kabisa mpaka atimize mwaka. Asali, hata iliyotoka mzingani leo, inaweza kuwa na vijimbegu vya bakteria ambavyo tumbo la mtu mzima linavimudu. Utumbo wa mtoto mchanga bado haujakomaa, kwa hiyo vikifika humo vinaota na kutoa sumu inayolegeza misuli. Utamwona hapati choo, ananyonya kinyonge, sauti ya kilio imefifia, shingo haikazi. Kuichemsha hakusaidii, moto wa jikoni hauviui. Yeye dawa yake ni kunyonya mara nyingi zaidi, na matone ya maji ya chumvi puani kabla ya kunyonya. Mhesabie pumzi akiwa ametulia. Zikifika 50 kwa dakika, au kifua kikibonyea ndani kila anapovuta hewa, usingoje kukuche, mpeleke hospitali.

Mizizi ya mdalasini mrudishie mwenyewe. La chai ni ganda la shina. Mzizi una kafuri, ndiyo ile harufu wanayonusishwa watalii kwenye mashamba ya viungo kule Unguja. Kafuri akiimeza mtoto inaweza kumtia degedege. Na kama mna mpango wa kufukizana, msimfunike mtoto kanga pamoja na sufuria ya maji ya moto, watoto wengi wanaungua hivyo.

Mama mkwe: asali ni sukari, hata ikiitwa dawa. Tangawizi na thomu za kwenye mchuzi hazina neno, lakini akizila kwa kijiko kila siku juu ya vidonge vyake, zinaweza kumzidishia kutokwa na damu. Akamuulize daktari anayempima damu.

Wa skuli ndio wenye bahati: kijiko kimoja cha chai cha asali kabla ya kulala kinatuliza kikohozi kweli. Nyinyi wakubwa kunyweni mpendavyo, ila anayekohoa wiki 2 au zaidi aende akapime kifua kikuu.

Baba_Makonyo
Nesi, kwa heshima zote, mbona sisi sote tulilambishwa asali siku tuliyozaliwa na tuko hapa tunabishana?

Nesi_Chake
Sheikh wangu, aliyepona ndiye anayepata nafasi ya kusimulia. Si kila asali ina vijimbegu hivyo, lakini huijui yenye navyo kwa kuitazama wala kwa kuionja. Kama ni tahniki, ile ya kumlambisha mtoto kitu kitamu anapozaliwa, tende ipo.

Baba_Makonyo
Hapo kwenye tende umenimaliza.

Bi_Mkubwa_Konde
Mwanangu Bint_Wete, msikilize nesi, kisha nikwambie la jikoni.

Tangawizi mbichi na thomu ukizizamisha kwenye asali zinatoa maji. Asali inakuwa nyepesi, inaanza kuumuka, siku moja ukifungua kifuniko inakurukia. Bila friji usithubutu. Wewe una mchaichai wa kutosha, kwa nini usikaushe? Subiri siku ya jua, umande ukishakauka ukate mchaichai, uache shina chini lichipue tena. Osha, kung'uta, kata vipande, tandaza kivulini penye upepo, ukiuanika juani harufu yote inaondoka. Tangawizi ni kinyume: paa nyembamba kama sarafu, anika juani juu ya jamvi safi, ingiza ndani kila jioni na mapema wingu likitanda. Ikivunjika kwa mlio ndiyo imekauka. Ikipindika bado, na ukiiweka chupani hivyo itaota ukungu.

Changanya vikavu na karafuu chache na ganda la mdalasini, funga kwenye chupa kavu, kipupwe chote unacho. Ukitaka kunywa unachota unachemsha, na asali kila mtu anajitilia kikombeni mwake. Mama mkwe anakunywa bila asali, akipata ruhusa ya daktari wake. Karafuu usizidishe, tatu kwa birika zinatosha, ukizidisha ulimi unakufa ganzi. Ndiyo maana tunaibana jinoni likiuma, lakini mafuta ya karafuu yawekwe mbali na watoto.

Na mafua yenyewe mie huyatibu kwa sufuria ya mchuzi. Changu mbichi, maji mengi, thomu, tangawizi ya kuponda, kitunguu maji, bua la mchaichai ulilolipiga kwa mchi. Ukichemka, mtolee mdogo wako kwanza supu na kipande cha samaki kabla hujatia chumvi wala pilipili, chambua miba kwa vidole wala usiamini macho, umpondee na kiazi. Kisha ndiyo utie chumvi, pilipili manga ya kutwanga papo hapo, na ndimu ukishaepua. Ukikamulia juu ya moto unakuwa mchungu. Huo hata mama mkwe atakunywa, sukari haipandi kwa mchuzi mtupu.

Uji wa pilipili manga nao ni mtamu, unga wa mchele na tui na iliki, lakini huo wapikie wenye afya zao.

Mpishi_wa_Mkoani
Kungumanga kwenye uji pia.

Bint_Wete
Nimewaelewa, Mungu awalipe. Jua limetoka leo, mchaichai ushakatwa. Ila changu wiki hii hakuna, kusi limewafungia wavuvi, sokoni kuna dagaa wabichi tu. Naweza kuwapikia mchuzi huo huo?

Bi_Mkubwa_Konde
Wapike. Watoe vichwa, waroweke kwenye ndimu kidogo watoke shombo, na uwatie mwisho maji yakiwa yanachemka. Usikoroge kwa mwiko, watavurugika. Shika sufuria uitikise. Wa mtoto uwapitishe kwenye chujio.