Pistoni ya injini ya hewa moto inakaza ikishapata joto

Lezi_Uyole: Wakuu, habari za kazi. Nachonga injini ndogo ya hewa moto (Stirling) kwenye lezi (mashine ya kuchongea vyuma) ya mezani. Silinda ni chuma cha kusubu, tundu milimita 20.00, ukuta 2.5. Pistoni ni alumini, 19.98. Ikiwa baridi inateleza safi, ila baada ya dakika tano flaiwili (gurudumu zito la injini) inazidi kuwa nzito hadi inasimama. Ikipoa inarudi sawa. Nipunguze pistoni kwa msasa?

FundiIringa: Usiiguse kwa msasa, mkuu. Alumini hutanuka mara mbili ya chuma. Kwa kipenyo cha 20, vyote vikipanda nyuzi 80, pistoni inaongezeka kama 0.037 na tundu 0.018 tu. Ile nafasi yako ya 0.02 imekwisha. Ukiongeza nafasi itavujisha ikiwa baridi, na injini hii haina nguvu ya kupoteza. Chonga pistoni nyingine ya chuma kilekile cha kusubu. Kitovu cha puli mbovu ya mashine ya kusaga mahindi kinatosha kabisa. Kichonge kikavu bila mafuta, na funika reli za lezi, maana vumbi lake linakula chuma.

Lezi_Uyole: Asante sana. Nafasi niache kiasi gani?

FundiIringa: 0.01 hadi 0.015. Safisha kwa mafuta ya taa, kausha, ziba mwisho wa silinda kwa kidole: pistoni ishuke polepole. Ukiachia kidole, idondoke yenyewe.

Mwanjelwa77: Pima na tundu lenyewe, mdomoni na ndani kabisa. Kisu kirefu cha kutanulia tundu hupinda, tundu linabana kwa ndani. Pitisha tena mara tatu nne bila kuongeza kina. Halafu huo ukuta wa 2.5: kama ulichonga nje kwanza ndipo ukatanua tundu, taya tatu za chaki (kishikio cha lezi) zimeubana, na ulipofungua tundu likawa la pembe tatu. Tundu limalizwe chuma kikiwa bado kinene, nje baadaye.

Rojo ya kusagia vali usiitie kati ya pistoni na silinda, chembe zinabaki humo na kuendelea kusaga. Mafuta yawe ya cherehani, tone moja. Asubuhi za baridi za Juni huku kwetu mafuta ya injini yanakuwa mazito kiasi cha kuisimamisha.