Faiba imegusa ukuta wa shule ya kata, ndani hakuna hata MB moja. Watoto wetu mpaka lini watauza siri zao steshenari?

Wakuu salama? Hili jambo nimelikalia muda mrefu na leo nalitoa, kama kuna mtu wa manispaa au wizarani anapita humu naomba asome mpaka mwisho.

Huku kwetu pembezoni mwa Dar faiba, ule waya wa intaneti ya kasi, imeshafika. Walikuja na mafundi wao wakachimba, kwingine wakapitisha juu kwenye nguzo, sasa hivi vijana wa mauzo wanapita nyumba kwa nyumba wanagawa vipeperushi. Maduka wamefunga, wenye apatimenti wamefunga, baa ya jirani yangu wamefunga wateja wanaangalia mpira bila kukwama. Kisanduku cha kugawia laini kipo kwenye nguzo iliyogusana na ukuta wa shule ya sekondari ya kata, ukisimama dirishani ofisi ya walimu unakiona kabisa na waya wa ziada umezungushwa pale juu unasubiri mteja. Na ile shule haina intaneti. Chumba cha kompyuta kipo, mashine za msaada zipo zimefunikwa mashuka, mwalimu wa TEHAMA anawasha hotspoti kwa bando alilonunua kwa mshahara wake na likikata basi kipindi kimeishia hapo, watoto arobaini na kitu wanarudi kuandika notisi ubaoni.

Wazazi tuliuliza kwenye kikao. Mkuu wa shule akasema fungu hilo hana, hela ya uendeshaji inakuja na maelekezo yake, tuandike barua. Tukaandika. Tulikoandika wakasema siyo wao ni ngazi ya juu yao, ngazi ya juu wakasema mradi wa shule upo kwenye mpango, kampuni ya faiba nayo inasema ikiletewa oda italeta fundi na kazi yenyewe ni ya siku moja. Yaani kila mtu anakiri jambo ni zuri na hakuna anayesaini!

Sasa mnajua gharama yake analipa nani? Nendeni steshenari yoyote kipindi cha maombi ya mkopo wa chuo mkaone. Maombi ya HESLB (Bodi ya Mikopo) ni mtandaoni, kuhakiki cheti cha kuzaliwa RITA ni mtandaoni, udahili wa chuo ni mtandaoni, akimaliza chuo Ajira Portal ya kuombea kazi serikalini nayo ni mtandaoni. Mimi sipingi hata kidogo, mifumo ni mizuri, mtoto wa Newala hana haja tena ya kupanda basi kuja kupanga foleni mjini. Ila dogo aliyemaliza kidato cha sita hajawahi kushika mausi anaingia steshenari, kijana wa pale ndo anamfungulia akaunti, ndo anamchagulia paswedi, na namba ya simu anaweka ya kwake maana dogo simu hana! Nimeliona kwa macho yangu lile daftari la kaunta, jina la mtoto, namba ya mtihani wa kidato cha nne, paswedi, vyote kwenye mstari mmoja, na daftari liko wazi juu ya meza mteja yeyote anasoma. Binti wa dada yangu fomu yake ilisainiwa vizuri serikali ya mtaa, wakili akagonga muhuri, pale steshenari wakaskani ukurasa mmoja mara mbili na mwingine wakauruka. Ujumbe wa kurekebisha ukaenda kwenye simu ya yule kijana ambaye alishahama eneo. Mtoto alikuja kujua dirisha limeshafungwa. Alifaulu vizuri yule binti, amekaa nyumbani mwaka mzima, na mama yake anauza vitumbua.

Mtu asiniambie tatizo ni nchi maskini. Mkonga wa intaneti wa baharini wa SEACOM ulitua Dar 2009, EASSy ukafuata 2010, na Mkongo wa Taifa tumeanza kuujenga 2009 hiyo hiyo chini ya TTCL, leo hii tunauza njia ya intaneti kwa Rwanda, Burundi, Zambia na Malawi. Mnakumbuka Mei 2024 ilivyokatika ile mikonga miwili baharini, nchi nzima ilinyong'onyea, benki, miamala, ofisi, kila mtu alipiga kelele mpaka ikatengenezwa. Watoto wa shule ya kata hawakupiga kelele sababu kwao hakuna kilichokatika.

Na sheria tunayo. Sheria ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ya 2006 inataja maeneo ya vijijini NA ya mijini yasiyofikiwa vizuri na huduma, na inataja maendeleo ya elimu waziwazi. Watu wakisikia mfuko ule wanawaza minara ya vijijini tu, sawa minara inahitajika sana, lakini neno mijini limo kwenye sheria. Shule ya kata iliyo hatua chache toka kwenye faiba na haina laini, hiyo isipoitwa isiyofikiwa itaitwaje?

Wenzetu walifanyaje, chukueni mji wa Chattanooga kule Tennessee, Marekani, siyo mji mkubwa. Shirika lao la umeme EPB ni mali ya mji, walipokuwa wanaboresha gridi ya umeme wakavuta faiba hukohuko na serikali kuu ikawapa ruzuku ya zaidi ya dola milioni 100, mwaka 2010 wakatangaza gigabiti moja kwa sekunde kwa kila nyumba wanayoihudumia. Maktaba yao ya mjini ghorofa ya 4 wakaifanya sehemu ya watu kuingia na kujifunza vitu kwa intaneti hiyo. Halafu Korona ilipofunga shule 2020 wakakuta watoto wa familia za kipato cha chini hawana cha kusomea nyumbani pamoja na faiba yote ile. Hawakuishia kwenye vikao, walianzisha mpango wa HCS EdConnect, familia zinazostahili zinapata laini ya Mbps 100 (megabiti 100 kwa sekunde) bure, na waliahidi miaka 10. Mimi sidai bure majumbani, nadai shuleni tu. Shuleni!

Piga hesabu ndogo. Laini ya Mbps 20, ile ya chini kabisa wanayouza huku, inashusha kitabu cha MB 40 kwa sekunde kama 16, maana MB moja ni megabiti 8. Vitabu vya kiada vipo bure kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu, mitihani ya nyuma ipo, majaribio ya fizikia ya video yapo. Na haitaki kila mtoto awe mtandaoni kwa mpigo, kuna programu ya bure inaitwa Kolibri, unashusha masomo usiku mara moja kwenye kompyuta moja halafu darasa zima linafungua kupitia wifi ya ndani hata laini ikiwa imekata. Hata zile kompyuta chakavu za msaada zinatosha. Mwalimu yupo, mashine zipo, umeme upo.

Najua atakuja mtu hapa kusema watoto wataangalia uchafu. Kwenye rauta unafungia tovuti zisizofaa, mwalimu anakaa mle ndani, na huo uchafu unaousema wanaupata kwenye simu za wakubwa huku mitaani bila msimamizi yeyote. Mwingine atasema vijijini hata umeme hakuna anza na huko. Ndugu yangu huko piganieni, mimi nitasaini, ila huku waya umeshafika na hauhitaji kuchimba hata futi moja.

Tunachotaka wazazi ni hiki: kibali chochote cha kupitisha faiba kwenye barabara za manispaa kiwe na sharti la kuunganisha shule na maktaba za umma zilizo kwenye njia hiyo, bili iingie kwenye fungu la shule kama ya umeme na maji, na kile chumba cha kompyuta kifunguliwe jioni na Jumamosi wakati wa maombi ya vyuo na mikopo ili mtoto ajaze fomu yake mwenyewe kwa barua pepe yake na paswedi yake.

Barua ya pili tunaipeleka wiki ijayo ikiwa na saini za wazazi. Kama kuna shule ya serikali kwenu imefanikiwa kuunganishwa weka hapa mlipitia ofisi gani na nani analipa bili, tunataka kuiambatanisha.