Mafundi, pimeni waya kwanza! Mmetuchosha na LED zenu

Wakuu, nina hasira na leo nitaisema yote.

Kuna tabia imeota mizizi kwenye gereji zetu. Unaleta gari la zamani lenye taa hafifu, unaomba waya zipimwe, na hakuna anayeshika mita ya kupimia umeme. Jibu liko tayari hata kabla hujazima injini: "Bosi, weka LED." Gari ni la aina gani, taa zake zimetengenezwaje, umeme unaofika kwenye balbu ni kiasi gani, hayo hayamhusu mtu. LED, laki moja na nusu, chukua ufunguo nenda.

Gari langu ni Eunos Roadster, yaani ile MX-5 ya kwanza ambayo Mazda ilianza kuitoa mwaka 1989, yenye taa za duara zinazolala ndani ya boneti na kuinuka ukiziwasha. Naishi Walukuba, Jinja, na kazi inanipeleka Kampala mara kwa mara, kwa hiyo msitu wa Mabira ulio njiani naupita usiku zaidi ya ninavyopenda. Wanaoijua njia ile wanajua ninachosema. Huku kwetu karibu na Ikweta jua likizama saa moja jioni, giza linaingia mara moja. Hapo ndipo unakutana na trela za miwa zinavutwa na trekta bila hata kiakisi nyuma, boda haina taa mbele wala nyuma, na lori limeharibika katikati ya njia, alama yake ni matawi tu yaliyotupwa kwenye lami hatua chache nyuma yake. Roadster iko chini sana. Ukikaa ndani, macho yako yako usawa wa tairi la lori. Taa zisipofika mbali, matawi yale unayajua kwa kuyakanyaga.

Taa nazitaka ili nifike nyumbani mzima. Nataka kila fundi anayesoma hapa aelewe hilo kabla ya kuniambia habari za mwanga mweupe unaopendeza.

Nilikwenda gereji moja Kampala, jina lao silitaji. Niliwaeleza kwa Kiswahili, kisha kwa Luganda ili pasiwe na kisingizio: washeni injini, washeni taa, pimeni volti nyuma ya balbu, kisha pimeni kwenye betri, mniambie tofauti. Basi. Sikuomba kingine. Jioni narudi, nakuta wameshafunga LED. Kijana anatabasamu: "Ssebo (bwana), sasa hata Gulu unaenda usiku bila wasiwasi."

Balbu zangu za H4, zile za halojeni, zilikuwa wapi? Zimetupwa. Ule mpira wa nyuma ya taa, unaozuia vumbi na maji, wameukata kwa kisu kwa sababu feni ya LED haikuingia. Soketi wameikata, waya wamezisokota kwa vidole na kuzungushia tepu. Na tepu hiyo wameiweka pale pale waya zinapojikunja kila taa zinapoinuka na kulala! Hata mtu ambaye hajawahi kushika bisibisi, ukimwonyesha sehemu ile inavyocheza, atakuambia usifanye kiungo hapo.

Nililipa kwa sababu hawakutaka kunipa ufunguo.

Njiani kurudi Jinja kila lori lililokuja mbele yangu lilinipiga fulu (taa za mbali), na nilikuwa kwenye dimu (taa za karibu). Madereva wale walikuwa na haki, nilikuwa nawapofusha. Mimi mwenyewe nilikuwa naona nini? Mwanga mkali mita chache mbele ya bampa, na mwanga mwingine juu kwenye majani ya miti ya Mabira. Pale katikati, ambapo mtembea kwa miguu na boda wanakuwepo, giza lilikuwa nene kuliko nilipokuwa na balbu za zamani, maana ule weupe wa karibu unafanya macho yashindwe kuona mbali.

Sasa sikilizeni kwa nini, maana hili ndilo wauzaji hawataki mlijue. Balbu ya H4 ina nyuzi mbili ndani yake. Uzi wa dimu umewekewa kikombe kidogo cha chuma chini yake, hivyo mwanga wake unapiga nusu ya juu tu ya rifleta, ile sahani inayong'aa ndani ya taa, na rifleta inautupa chini barabarani. Ndiyo maana ukisimamisha gari mbele ya ukuta unaona mstari: chini mwanga, juu giza, na upande mmoja mstari unapanda kidogo ili kumulika pembeni mwa njia. Rifleta na kioo vimepigiwa hesabu kwa uzi ule mwembamba, mahali pale pale ulipo. Ukiingiza LED, mwanga unatoka kwenye vipande vilivyobandikwa pande mbili za kibao, vina ukubwa mwingine na vimekaa vingine. Rifleta inautupa popote. Mwanga kuwa mwingi hakusaidii kitu kama unakwenda kwenye macho ya mwenzako na kwenye matawi.

Halafu boksi la LED limeandikwa lumeni 20,000, yaani kipimo cha wingi wa mwanga. Ishirini elfu! H4 ya kawaida ya wati 60/55 (60 za fulu, 55 za dimu) inatoa kama lumeni 1,000 kwenye dimu na 1,650 kwenye fulu, na hiyo inatosha kabisa kama umeme wake unafika. Nilipima zile LED baadaye: kila moja inavuta ampia mbili, yaani wati 27 hivi. Wati 27 haziwezi kutoa hata robo ya kilichoandikwa. Boksi lile linadanganya, anayeliuza anadanganya, na fundi anayelipigia debe ama hajui kazi yake au anapata kamisheni.

Jinja nikampata mzee mmoja fundi umeme, hana bango wala mtandao, ana mita na msasa. Alitoa uchafu wote ule, akafunga H4 ya kawaida, akapima. Kwenye betri, injini ikiwaka: volti 13.9. Nyuma ya balbu: 11.3. Akanigeuzia mita nisome mwenyewe. Volti mbili na nusu zinapotelea njiani! Na mwanga wa halojeni haupungui sawasawa na umeme. Volti zikishuka kwa asilimia kumi, mwanga unashuka kwa karibu asilimia thelathini. Kwenye 11.3 balbu yako inatoa kama asilimia 60 tu ya mwanga wake wa kiwandani. Haya ndiyo maradhi yenyewe, na yameonekana kwa dakika chache na kifaa kinachouzwa kila duka la umeme.

Volti hizo alizikuta zinapotelea wapi? Boliti ya waya wa hasi imeshika kutu hadi imekuwa kijani. Soketi imeungua na kuwa nyeusi. Na kwenye bawaba ya taa ya kushoto, waya kwa nje ni mzima, ndani nyuzi nyingi zimekatika kwa kukunjwa miaka thelathini. Ukiuona kwa macho huwezi kujua. Mita inajua.

Akafanya hivi. Akavuta waya mnene wa milimita za mraba 2.5 kutoka betri moja kwa moja, fyuzi karibu kabisa na betri, rilei (swichi inayoamshwa na umeme mdogo) moja ya dimu na nyingine ya fulu, soketi mpya za kauri zisizoyeyuka, na waya mpya wa hasi uliokwanguliwa rangi hadi chuma cheupe. Ule waya wa zamani unaotoka kwenye swichi ya usukani hauibebi tena mizigo ya ampia kumi, unaamsha rilei tu. Kwenye bawaba akaacha waya mmoja mzima, wenye nyuzi nyingi laini, na akaupa ulegevu wa kucheza, bila kiungo. Akapima tena: 13.5. Pamoja na balbu na ufundi, gharama ikakaribiana na ile waliyoninyang'anya Kampala.

Sasa naona njia. Kwa taa za 60/55, kwenye gari la tangu miaka ya tisini.

Tahadhari kwa wanaotaka kujifungia wenyewe: magari mengi ya Kijapani ya enzi zile, Toyota hasa, swichi yake inakata upande wa hasi, na chanya inakaa kwenye balbu muda wote taa zikiwashwa. Ukinunua seti ya rilei ya magari yanayokata chanya ukaichomeka tu, utapata taa zinazofanya vituko. Pima kwanza gari lako liko upande gani.

Na kabla hamjaanza kunijibu, wale wa "weka balbu ya wati 100 bwana" mnaniudhi vilevile. Kama waya tayari unashindwa kubeba wati 55, utabebaje 100? Utapoteza volti nyingi zaidi njiani, swichi itaungua, na rifleta itababuka kwa joto. Wale wa balbu za bluu nao wakae. Rangi ile ni chujio. Inazuia sehemu ya mwanga isitoke, kisha unalipa zaidi kwa sababu unaona weupe. Zenoni ya kichina, ile balbu nyingine ya mwanga mkali, ndani ya rifleta ya H4 ina dhambi ile ile ya LED, ila kali zaidi.

Kuna jambo jingine linaniuma kuliko haya. Gereji ile ile, katika kunisaidia, ilifuta rifleta ya kulia kwa kitambaa chenye petroli. Ile rangi ya fedha ndani ya taa ni aluminiamu nyembamba mno, nyembamba kuliko rangi yoyote, na ukiisugua inatoka. Ikishatoka hairudi. Taa yangu ya kulia ina doa jeusi la upana wa kidole gumba mahali palipokuwa pazima, na hakuna aliyeniuliza. Jamani, vumbi ndani ya taa lipulizwe kwa hewa, au liachwe lilivyo. Msiguse!

Na taa mpya ya kubadilisha siyo rahisi kuipata ikiwa sahihi. Nyingi zinazoletwa mitumba kutoka Dubai na Ulaya zilitoka kwenye magari ya nchi zinazoendesha upande wa kulia wa barabara. Ukiifunga hapa Uganda, ule mstari unapanda upande wa kulia, yaani moja kwa moja kwenye uso wa anayekuja. Muuzaji atakuambia taa ni taa. Siyo kweli. Tazameni kioo: kwenye taa zenye alama ya E ndani ya duara, ile ya nchi za kushoto kama yetu ina mshale unaoelekea kulia kwako ukiwa umesimama mbele ya gari unaitazama. Isiyo na mshale kabisa ni ya wenzetu wa kulia. Yenye mshale wa pande mbili hutumika kote. Nimelizunguka Soko la Kisekka, lile la vipuri Kampala, nikiangalia mshale huo, na wauzaji wengine ndiyo kwanza wanauona kwangu.

Sina ugomvi na LED yenyewe. Taa nzima ya inchi saba ya LED, yenye lenzi yake na mstari wake, yenye mshale sahihi, ni kitu kizuri, mradi nafasi ya nyuma itoshe taa ilale bila kugonga chuma. Ugomvi wangu ni ile balbu ya LED inayosukumwa ndani ya taa ya halojeni na mtu ambaye hajapima chochote, anakukatia mpira, anakukatia waya, kisha anakuweka barabarani uwapofushe wenzako.

Mtasema gari kuukuu, liuze. Tangu 2018 sheria yetu imezuia kuingiza nchini gari lililofikisha miaka 15 tangu litengenezwe. Roadster ya kwanza, Toyota Celica za taa za kuinuka, Toyota MR2, zilizopo ndizo hizo hizo. Hakuna nyingine inayokuja kwenye meli. Kila rifleta inayofutwa kwa petroli na kila soketi inayokatwa kwa koleo imetoka kwenye hesabu hiyo, na hao vijana wanazikata kama wanakata miwa.

Ninachotaka kwenye uzi huu ni mambo matatu. Mafundi mliomo humu, semeni wazi: mteja akiomba kupimiwa volti mnamfanyia, ndiyo au hapana, na mnatoza kiasi gani? Wenye magari mliowahi kubebeshwa LED namna hii, wekeni picha ya ukuta, dimu ikiwa imewaka, watu waone mwanga unavyosambaa. Na mwenye taa ya kulia ya inchi saba ya H4, yenye kioo cha nchi za kushoto, rifleta isiyoguswa, aniambie bei. Nitaifuata popote kati ya Malaba na Mbarara, na nitakuja na mita yangu.