Dash, dart, bolt, sprint: zote ni "kimbia mbio" tu?

Mwanagenzi
Wadau, habari. Kamusi ndogo niliyo nayo inatafsiri dash, dart, bolt na sprint kwa maneno yaleyale: kimbia mbio. Hadithi ninayoitafsiri inazo zote, tena mbili ziko aya moja, kwa hiyo mwandishi amezichagua kwa makusudi. Tofauti iko wapi? Na hop, skip na leap, zote ni "ruka"?

Kalamu_Mbili
Usiangalie kasi, angalia kinachomkimbiza mtu.

Sprint ni kutoa nguvu zote kwa umbali mfupi, kama mbio za mita 100. Dash ni kuwahi jambo: mvua imeanza, nguo ziko kambani. Bolt ina mshtuko ndani yake. Farasi kasikia mlio, huyo! Hapo andika kukurupuka au kutimua mbio. Dart ni mwendo mfupi, wa ghafla, wa kitu chepesi: mjusi ukutani, samaki majini, hata macho. Ukiandika "macho yalikimbia" msomaji atacheka. Sema yalimcheza huku na huku.

Ila panapoharibika zaidi ni kwenye uelekeo. Kiingereza huweka namna ya mwendo kwenye kitenzi, na uelekeo kwenye neno linalofuata. Sisi ni kinyume. He dashed out si "alikimbia nje", maana huyo tayari yuko nje anafanya mazoezi. Ni alitoka mbio, au alichomoka. She darted across the road: alivuka barabara chapuchapu. Pata kwanza ingia, toka, vuka, panda au shuka, halafu namna ya mwendo ifuate.

Kocha wa Vumbini
Kwenye "ruka", hesabu miguu. Hop kwa binadamu ni kuruka kwa mguu mmoja na kutua kwa uleule. Ndege hutumia miguu yote miwili kwa pamoja, chura miwili ya nyuma, na bado ni hop. Skip ni hatua na kiruko kidogo, mguu huu kisha ule, kama mtoto aliyefurahi. Mwingereza huitumia pia kwa kuruka kamba, ambako Mmarekani husema jump rope. Leap ni mruko mkubwa, wa kwenda juu au mbali.

Miruko mitatu ya riadha zamani iliitwa hop, step and jump, na jina hilo ni somo tosha: mruko wa kwanza unatua kwa mguu uliorukia, wa pili kwa mguu mwingine, wa tatu unaangukia mchangani. Ukichanganya miguu, mruko unahesabika umeharibika.

Lunge usiitie humu. Hakuna kuruka: mguu mmoja unatupwa mbele, goti linakunjwa, mwili unafuata, kama mpiga upanga anayechoma.

Mwanagenzi
Shukrani sana wakuu. Na hurtle? Ipo kwenye sentensi ya lori.

Bi Sarufi
Hurtle ni kwenda kasi ya kutisha, mara nyingi chombo kimeshamshinda dereva. Lori likiporomoka mteremkoni, ndiyo hiyo. Usiisome hurdle, ambayo ni kiunzi.

Kwenye bolt naongeza, maana inatega. He bolted for the door: alikurupuka kuelekea mlangoni. He bolted the door: alikomea mlango. Kineno for kikikupita, mtoro anageuka mlinzi. Na bolt ya chakula ni kubugia.

Kama nawe unaandika Kiingereza, hopping ina p mbili. Ukiandika moja umepata hoping, kutumaini. Kwenye matamshi, darted, bolted na sprinted zina silabi ya ziada mwishoni. Dashed, hopped na skipped huishia na sauti ya t tu. Leap iliyopita ni leapt au leaped, zote sahihi.

Kuna moja ambayo Kiswahili kinaimudu kwa neno moja: she was rushed to hospital. Alikimbizwa hospitalini.