Kwa nini Bongo Muvi hazishuki ziwani?

Mtoto wa Kirumba:

Wakuu, salaam. Mimi ni mpenzi wa sinema wa siku nyingi. Naangalia za Kihindi, za Kikorea, tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti ya Kiswahili, na za kwetu. Kinachonifanya niimalize muvi ni kimoja tu: nimwone mhusika anafanya kazi. Nikiambiwa huyu ni mfanyabiashara halafu nikamkuta kwenye sofa mwanzo hadi mwisho, nazima. Au geti linafunguliwa, gari inaingia polepole, inapaki, mtu anashuka, anarekebisha miwani, na hadithi iko palepale.

Ndiyo maana Siri ya Mtungi ya mwaka 2012 naipenda hadi leo. Cheche ni mpiga picha wa Bagamoyo, na kazi yake imo ndani ya kisa. Queen of Katwe (2016) vilevile. Yule binti anauza mahindi Kampala, na huyo muuza mahindi ndiye unayemshangilia akikaa mbele ya ubao wa chesi. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji nayo, Zanzibar yake ni Zanzibar kweli, hakuna mtu anayejikakamua kuongea.

Sasa njooni kwetu Mwanza, kando ya Ziwa Victoria. Sinema iliyoutangaza mji huu duniani ni Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, filamu ya hali halisi ya 2004, iliyofika hadi kuteuliwa kugombea Oscar. Inaonyesha minofu ya sangara inapanda ndege za Ilyushin kwenda Ulaya, sisi tunabaki na mapanki, yaani vichwa na mifupa. Mwaka 2006 Rais Kikwete aliilalamikia hadharani. Mimi siikatai yote, mapanki tumeyala na tunayajua. Ila ukimaliza kuiangalia unaona mji mzima ni msiba. Huo sio mji ninaoamka nao.

Nendeni Mwaloni asubuhi. Magunia ya dagaa yanashushwa, wabebaji wanapiga kelele wapishwe, mama anachota dagaa kiganjani, ananusa, anavunja mmoja asikie kama amekauka, ndipo anataja bei. Hapo kuna muvi nzima! Kwa nini waongozaji wetu hawaji? Nawasilisha.

Nyegezi Stendi:

Mkuu, umenena, ila kwa Sauper mimi nasimama naye. Sangara walipandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hili, wakaisha aina nyingi, na wakubwa hawakutaka isemwe. Yeye alisema. Mtu akipiga picha ya kidonda, sio kazi yake kukupiga picha na ya tabasamu.

Mtoto wa Kirumba:

Kaka, kidonda apige, sijamzuia. Ninachodai ni kwamba yule mama kwenye chanja za mapanki ana akili ya biashara, ana watoto, ana jambo linalomchekesha. Mtazamaji wa Ulaya aliondoka na huruma tu. Nataka mtu atoke pale anamheshimu.

Fundi Taa:

Nimewahi kubeba taa kwenye muvi mbili tatu, wacha niseme ukweli. Sebuleni unarekodi siku nzima kwa umeme wa ukutani. Ziwani unakodi mtumbwi wa waigizaji, wa pili wa kamera, jenereta inanguruma, upepo unaingia kwenye maiki, na mawimbi hayasubiri mwongozaji aseme "tena". Bajeti inakufa siku ya kwanza.

Binti Ukerewe:

Kaka Fundi, jenereta ya nini? Dagaa wanavuliwa usiku wa giza, mwezi ukiwa mkubwa watu wanapumzika. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi wengi wana taa za sola. Mwanga wa kuvutia dagaa unatosha kumwonyesha mvuvi uso. Na mkitaka mchana, njooni wakati wa kuanika, wingu jeusi litokee. Dagaa wakilowa wanaharibika, mtaji umekwenda. Utaona wanawake wanakimbia na maturubai, aliyenuniana na jirani tangu asubuhi anamsaidia kukusanya, watoto wanazoa kwa mabeseni. Hamna haja ya kumfundisha mtu kuigiza.

Mtoto wa Kirumba:

Dada, umenimaliza! Hiyo ya walionuniana ndiyo kisa chenyewe. Muvi ianzie hapo, mvua ikiwa bado haijaanguka, tusielezwe waligombana nini mpaka katikati.

Nyegezi Stendi:

Hapo nami nalipa kiingilio. Ila msiweke mchawi tafadhali.

Fundi Taa:

Kwa mwanga wa dagaa naweza kukubali, kamera za siku hizi zinaona gizani. Ila kuhusu sauti sibadilishi neno. Bongo Muvi nyingi zimeuawa na sauti kabla ya kitu kingine chochote.

Binti Ukerewe:

Kaka yangu ana mtumbwi na hana neno na wageni, ili mradi mvae maboya na mtoe hela ya mafuta. Giza linalokuja mje Nansio.

Mtoto wa Kirumba:

Dada, nakuja inboksi sasa hivi. Fundi, tafuta maiki yenye manyoya ya kuzuia upepo. Mafuta ya mtumbwi ni juu yangu.