Nyasi chini ya miti ya matunda: jembe, fyekeo, dawa au matandazo?

MitiYangu: Wakuu habari zenu. Nina miembe, michungwa na maparachichi yanazaa miaka sasa, ila nyasi zinanitoa jasho, napalilia leo wiki mbili zimerudi, ndago na sangari ndo usiseme. Mliojaribu njia tofauti ipi inafaa bila kuumiza miti?

Chungwa_Tamu: Mkuu jembe liweke mbali na mti. Mizizi inayonyonya chakula kwenye parachichi na chungwa mingi iko juujuu, sentimita 15 mpaka 30 za mwanzo, sasa ukilima pale si ndo unaikata yenyewe. Fukua majani makavu kwa mkono utaiona, vimizizi vyeupe vyembamba kama uzi vimetambaa hadi kwenye majani yanayooza. Na ndago ukiikatakata kwa jembe vile viviazi vyake vya chini kila kimoja kinachipua kivyake, umeizidisha tu.

Fyeka_Fyeka: Mi nafyeka. Sing'oi kabisa kati ya mistari maana mvua ikipiga udongo mtupu unaondoka wote. Ila tahadhari na mashine ya kamba, niliwahi kumpa kijana afyeke akasogea mno kwenye mwembe, kamba ikamenya gome kuzunguka shina lote, kwa mbali unaona ka mstari tu. Majani yakaanza kuwa njano taratibu, mti ukafa. Chakula kinachotoka kwenye majani kwenda mizizini kinapita kwenye gome, likikatika pande zote basi. Hadi leo inaniuma, karibu na shina nang'oa kwa mkono.

MamaParachichi: Matandazo ndugu zangu. Majani makavu unene wa sentimita 8 hadi 10, unaanzia shibiri moja kutoka kwenye shina mpaka kivuli cha matawi kinapoishia. Hiyo shibiri usiidharau, ukirundika majani yakagusa shina unyevu unakaa pale na kuoza kunaanzia hapo hapo. Chini tanguliza maboksi yaliyofunguliwa utoe utepe wa plastiki, nyasi zinakosa mwanga. Ndago itatoboa tu, ing'oe ikiwa changa.

Bwana_Pampu: Dawa nayo ina nafasi yake, kwa sangari glaifoseti (dawa ya kuua magugu) inashuka hadi kwenye mizizi. Ila inaingilia kwenye chochote kibichi, kwahiyo machipukizi yanayoota chini ya shina yakate siku kadhaa kabla, upepo ukiwepo acha, na soma lebo kama imeruhusiwa kwa mti wako.

MitiYangu: Na mifugo je? Nina mbuzi wawili.

Chungwa_Tamu: Mbuzi hapana jamani, watamenya magome na kupanda matawini! Kondoo afadhali, nao uwaangalie. Halafu kama unapuliza dawa ya ukungu yenye shaba kondoo wasile nyasi za hapo, shaba inajikusanya kwenye ini lao inawaua.

MitiYangu: Asanteni sana. Basi chini ya mti natandaza, katikati nafyeka, jembe naliacha. Majani ya kutosha miti yote ndo nawaza nitatoa wapi.

MamaParachichi: Hizo hizo unazofyeka katikati, zivute kwa reki chini ya mti. Zifyeke kabla hazijatoa mbegu, na sangari yenye mizizi ianike kwanza juani mpaka ikauke kabisa, ukiitupa mbichi inashika tena. Mchwa wakianza kujenga kwenye shina sogeza majani nyuma zaidi.