Mrejesho: komiki ya mumiani, kurasa za usiku sasa zinasomeka

Niliuliza kwa nini wasomaji wa komiki yangu ya mumiani wanalalamika kwamba kurasa za usiku ni giza tupu, na kwamba hawajui nani anaongea. Asanteni sana wakuu, ushauri umefanya kazi.

Giza lilitokana na wino. Nyeusi ya mandhari ilikuwa na rangi zote nne za uchapaji, kila moja ikihesabiwa hadi asilimia 100, jumla asilimia 360, na karatasi isiyong'aa haibebi kiasi hicho: wino unasambaa na kuziba mistari myembamba. Sasa ni sayani (buluu ya uchapaji) 40, majenta (waridi iliyokolea) 30, njano 30, nyeusi 100, yaani 200. Maandishi ni nyeusi 100 peke yake, maana rangi zikipishana kidogo tu mashineni, herufi hupata kivuli.

Ushauri ulionisaidia kuliko yote ni ule wa kumchora mnyonya damu na ukingo mweupe mwembamba upande unaotoka mwanga wa mbalamwezi. Joho jeusi mbele ya ukuta mweusi halionekani, hata ulichore vizuri namna gani.

Viputo vya maneno: anayeongea kwanza nimemweka kushoto, na kiputo chake kiko juu zaidi. Ukurasa wa kuumwa shingo nimeuhamishia kushoto, namba shufwa, ili msomaji akutane nao baada ya kufunua. Kurasa zikafika 26, na kitabu cha kubana pini katikati kinataka idadi inayogawanyika kwa 4, hivyo nimeongeza mbili za michoro ya awali.

Pendekezo la kufupisha maneno ya bibi mganga sikulifuata. Hofu yote ya sura anayotokea imo kwenye mazungumzo yake.